Kusoma Shahada ya Uzamili kwa Njia ya Mtandao kwa Mwalimu Anayelenga Ukuu wa Shule

Mwalimu wa Tanzania anayetaka kuwa mkuu wa shule hana budi kuelewa jambo moja kabla hajalipa hata shilingi ya ada. Katika shule za serikali ukuu wa shule huja kwa barua ya uteuzi, na barua hiyo huandikwa baada ya viongozi wa elimu wa wilaya na mkoa kumtazama mtu kwa miaka kadhaa akiwa mwalimu wa darasa, mkuu wa idara, mwalimu wa taaluma au wa nidhamu, na mara nyingi makamu mkuu wa shule. Shahada ya uzamili katika uongozi na utawala wa elimu humwonyesha mtu huyo kuwa amejiandaa, na humpa maarifa ambayo shahada ya kwanza ya ualimu huyagusa kwa juu tu. Katika shule binafsi na za mashirika ya dini, ambako mmiliki hutangaza nafasi na kuita waombaji kwenye usaili, shahada hiyo inaweza kuamua kati ya maombi mawili yanayolingana kwa mengine yote. Hata hivyo, shahada yenyewe haimteui mtu, na wengi wanaolalamika kwamba "wamesoma bure" ni wale waliodhani kwamba itawateua.

Maelezo haya yanamlenga mwalimu aliyeko kazini, pengine katika shule ya kata iliyo mbali na mji, ambaye hawezi kuacha darasa na familia kwa miaka miwili ili akakae chuoni. Mifano ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina wizara yake ya elimu na taratibu zake za utumishi, ingawa masomo yenyewe yanaweza kuwa yaleyale. Kwa Kenya, ajira na upandishaji vyeo wa walimu wa shule za umma uko mikononi mwa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, chombo kilichowekwa na Katiba ya 2010, kwa hiyo msomaji wa huko ayachukue yale yanayohusu masomo na aache yale yanayohusu uteuzi.

Shahada ipi, na kwa nini

Majina ya shahada hizi hufanana kiasi cha kuchanganya. Ipo ya utawala wa elimu, ipo ya uongozi na menejimenti, ipo ya mipango na sera, na ipo inayokusanya yote hayo kwa pamoja, kama Uzamili wa Elimu katika Utawala, Mipango na Sera unaotolewa na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Usichague kwa jina. Omba orodha ya kozi za kila muhula, kisha uipime kwa mambo ambayo mkuu wa shule hukutana nayo mezani kwake kuanzia Januari hadi Desemba.

Mambo hayo ni mengi kuliko mwalimu wa darasa anavyoyaona. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, mkuu wa shule hupokea ruzuku ya uendeshaji moja kwa moja katika akaunti ya shule, na tangu 2017 hesabu za fedha hizo huingizwa katika mfumo wa FFARS, ambamo malipo yasiyo na kifungu cha bajeti huonekana mara moja. Ununuzi wa umma umehamia katika mfumo wa NeST tangu 2023, na fundi wa kutengeneza madawati hawezi tena kuitwa kwa simu tu kama zamani. Kuna bodi ya shule, ambayo mkuu wa shule ndiye katibu wake na anayepaswa kuandaa ajenda na kumbukumbu za vikao vyake. Kuna sheria: Sheria ya Elimu ya 1978 na kanuni zake, zikiwamo za adhabu ya viboko za 2002, ambazo zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu. Mwalimu mkongwe aliyezoea kuchapa bila kitabu hicho anamwachia mkuu wake kesi, na mkuu asiyejua kanuni hizo hujifunza akiwa ameshaitwa na uongozi wa wilaya. Kuna nyaraka pia, kama ule wa 2021 ulioruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwamo, warudi katika mfumo rasmi. Mkuu wa shule ndiye anayempokea binti wa namna hiyo getini.

Kwa hiyo shahada inayokufaa iwe na kozi ya fedha na bajeti za elimu, kozi ya sheria na sera, kozi ya usimamizi wa rasilimali watu, kozi ya uongozi wa ufundishaji, na mbinu za utafiti. Ukikuta programu yenye nadharia za uongozi katika kozi nne na hakuna hata moja inayogusa fedha, iache, hata kama ada yake ni ndogo. Nadharia za uongozi utazisoma mwenyewe. Kusoma taarifa ya mapato na matumizi ya shule na kuona palipokosewa kunahitaji mtu wa kukusahihisha.

Si kila anayelenga ukuu wa shule anahitaji uzamili kwanza. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, wenye makao yake Bagamoyo, ulianza mwaka 1979 kwa jina la MANTEP na ukawa wakala wa serikali mwaka 2001, na kazi yake hasa ni kuwafundisha viongozi wa shule. Hutoa mafunzo ya ngazi ya cheti na stashahada ya uongozi na utawala wa elimu, pamoja na mafunzo mafupi kwa walimu wakuu, wakuu wa shule na maafisa elimu kata. Kwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye stashahada, anayetaka kuwa mwalimu mkuu katika miaka michache ijayo, njia ya Bagamoyo ni fupi na iko karibu zaidi na kazi. Uzamili unamfaa zaidi mwenye shahada ya kwanza anayetazama sekondari, au anayetaka baadaye kuendelea hadi ofisi ya elimu ya wilaya, uthibiti ubora au chuo cha ualimu.

Kuhakiki chuo

Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa Sheria ya Bunge Na. 17 ya 1992 kwa ajili hasa ya watu wanaosoma wakiwa kazini, na kina vituo katika mikoa yote. Jambo hilo la vituo ni kubwa kuliko linavyosikika. Mtu aliyeko Sumbawanga au Lindi anaweza kufika ofisini kwa mkurugenzi wa kituo akauliza kwa nini alama zake za kozi fulani hazionekani, badala ya kutuma barua pepe kumi bila majibu. Vyuo vikuu vingine vya ndani navyo vina programu za uzamili katika utawala wa elimu, baadhi jioni, baadhi kwa vipindi vya likizo na baadhi kwa kuchanganya mtandao na darasa. Uliza mapema ni siku ngapi za mwaka utatakiwa kuwapo ana kwa ana, na kama siku hizo zinaangukia wakati wa mitihani ya kidato cha nne, ambapo hakuna mkuu wa shule atakayekuruhusu uondoke.

Kama unatazama chuo cha nje, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ndiyo yenye mamlaka ya kutambua shahada zilizotolewa nje ya nchi. Waulize kwa maandishi kabla ya kulipa, ukitaja jina la chuo, jina la programu na kwamba inatolewa kwa njia ya mtandao, kwa sababu chuo kinaweza kuwa halali katika nchi yake na bado programu fulani ya mtandaoni ikaleta maswali wakati wa utambuzi. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kina historia ndefu ya elimu kwa masafa na kinajulikana vyema katika ukanda huu. Kinyume chake, wapo wauzaji wa shahada wenye tovuti nzuri kuliko vyuo vya kweli: wanaahidi uzamili ndani ya miezi mitatu, wanahesabu "uzoefu wa maisha" kama masomo, na mtu wao wa mapokezi hujibu ujumbe usiku wa manane. Uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma ulioanza 2016 uliwaondoa kazini maelfu waliokuwa na vyeti vya kughushi. Hakuna mwalimu anayepaswa kuiweka ajira yake kwenye hatari hiyo kwa ajili ya karatasi.

Sifa, maombi na ruhusa ya mwajiri

Kwa kawaida vyuo vya Tanzania huhitaji shahada ya kwanza ya daraja la pili la chini, yaani wastani wa alama wa 2.7 kati ya 5 au zaidi. Mwenye daraja la mwisho, lile la kufaulu tu, hupitia kwanza stashahada ya uzamili na kuifanya vizuri. Mwenye shahada isiyo ya ualimu anayefundisha atasikia pia habari za Stashahada ya Uzamili ya Elimu, na ningemshauri aimalize hiyo kwanza hata pale chuo kinapomruhusu kuruka, kwa kuwa mkuu wa shule anasimamia walimu waliosomea ualimu na atatakiwa kukagua maandalio yao ya masomo.

Nyaraka ni zile za siku zote: vyeti, hati ya matokeo ya chuo, cheti cha kuzaliwa, picha na barua za wadhamini wawili. Yale majina yanayotofautiana kati ya cheti cha kidato cha nne na cha shahada yashughulikiwe sasa kwa hati ya kiapo na kwa taratibu za mamlaka husika. Yakiachwa, yataibuka wiki mbili kabla ya mahafali.

Suala la ruhusa hupuuzwa mno na wanaosoma kwa mtandao, kwa hoja kwamba hawaondoki kituo cha kazi. Mtumishi wa umma anayejiendeleza anatakiwa mwajiri wake ajue. Andika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri kupitia kwa mkuu wa shule na Afisa Elimu Sekondari wa wilaya, uitaje programu, chuo, muda na namna ya kusoma, uambatishe barua ya kukubaliwa na chuo, na uhifadhi nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mwalimu aliyesoma kimyakimya atapata shida baadaye anapotaka sifa yake mpya itambuliwe katika jalada lake, na atapata shida mapema zaidi siku ya mtihani wa muhula itakapogongana na zamu yake. Barua pia inamweka mkuu wako wa sasa upande wako. Wapo wakuu wanaoona mwalimu anayesomea uongozi kama mtu anayekitamani kiti chao, na ni afadhali wasikie habari hizo kutoka kwako, kwa heshima, kuliko kuzisikia chumba cha walimu.

Fedha

Omba jedwali zima la gharama, si ada ya masomo peke yake. Kuna usajili, mitihani, kitambulisho, usimamizi wa tasnifu, uhakiki wa tasnifu, mahafali, na adhabu ya kuchelewa, ambayo kwa mwanafunzi wa masafa ni gharama ya kawaida kabisa kwa sababu wengi huvuka muda. Ongeza intaneti, nauli za kwenda kituoni, uchapaji, na gharama za kukusanya data. Tasnifu inayohitaji kuzunguka shule kumi katika wilaya yenye barabara mbaya inaweza kukugharimu kiasi kinachokaribia ada ya muhula, na jambo hilo linapaswa kukumbukwa unapochagua mada.

Wengi hulipa kwa awamu kutoka kwenye mshahara, na kwa uchumi wa mwalimu hiyo ndiyo njia salama. Wanaokopa SACCOS au benki wakumbuke kwamba makato ya mtumishi hayatakiwi kuufikisha mshahara wake chini ya theluthi moja, na walimu wengi tayari wako karibu na mpaka huo kwa mkopo wa kiwanja au wa ujenzi. Usikope kwa kutegemea posho ya madaraka. Serikali ilipoianzisha posho hiyo ilikuwa Sh 250,000 kwa mwezi kwa mkuu wa shule ya sekondari na Sh 200,000 kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Ni fedha ya maana, lakini huanza na uteuzi na hukoma na uteuzi, wakati mkopo hauna habari na hayo.

Saa za kusoma

Katika mfumo wa TCU shahada ya uzamili huwa na krediti zisizopungua 180, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza. Hizo ni saa 1,800. Ukizigawa kwa miaka miwili unapata kama saa 17 kila wiki bila kupumzika hata Krismasi wala Idi. Mwalimu mwenye vipindi 24 kwa wiki, madaftari ya kusahihisha na shamba la nyuma ya nyumba hana saa hizo zikiwa zimekaa zinamsubiri, na ni lazima aamue zinatoka wapi. Kwa ninavyoona, wanaomaliza kwa wakati si wale wanaosoma usiku kucha siku za Ijumaa. Ni wale wanaoamka saa kumi alfajiri siku nne au tano za wiki, wakati nyumba imelala na mtandao hauna foleni, kisha wanaiacha Jumapili kwa ajili ya kanisa, ndugu na nguo za shule za watoto. Wengine huomba ruhusa ya kumaliza kwa miaka mitatu tangu mwanzo, jambo ambalo halina aibu yoyote na mara nyingi hupunguza gharama za kuchelewa.

Vifaa visikutishe, ila kimoja. Simu inatosha kwa kusoma, kwa mikutano ya mtandaoni na kwa kundi la wanafunzi wenzako la WhatsApp, ambalo ndilo litakalokujulisha kwamba tarehe ya mtihani imebadilishwa. Haitoshi kwa kuandika tasnifu. Tafuta kompyuta mpakato hata iliyotumika, ilimradi betri yake inashika chaji, kwa sababu umeme hukatika na sola ya nyumba ya mwalimu haiwezi kuendesha kila kitu. Pakua makala na vitabu kwa wingi unapofika mjini siku ya gulio au siku ya mshahara, vihifadhi katika mafolda yenye majina yanayoeleweka, na uwe na nakala ya pili nje ya kompyuta hiyo. Weka programu ya bure ya kupanga marejeo, kama Zotero au Mendeley, kabla hujaandika sura ya kwanza, maana kuandika orodha ya marejeo mia moja kwa mkono katika mtindo wa APA mwishoni ni mateso ambayo mtu hujitafutia mwenyewe.

Lugha ya kufundishia na ya tasnifu katika programu nyingi za ndani ni Kiingereza. Mwalimu aliyefundisha kwa Kiswahili kwa miaka kumi shule ya msingi anaweza kukuta kwamba anaelewa anachosoma lakini aya zake za kitaaluma hazitiririki. Dawa ni kuandika kidogo kila siku: muhtasari wa ukurasa mmoja wa kila makala uliyoisoma, kwa maneno yako. Muhtasari huo huo ndio utakaokuwa mapitio ya maandiko katika sura ya pili, kwa hiyo hakuna jasho linalopotea.

Tasnifu

Hapa ndipo wanafunzi wa masafa wanapokwama. Kozi zina tarehe, zina mitihani na zina wenzako wa kukukumbusha. Tasnifu haina hata kimoja cha hivyo, una msimamizi mmoja tu, mwenye wanafunzi wengi na safari nyingi. Wapo waliomaliza kozi zote kwa alama nzuri, wakakaa na pendekezo la utafiti lisilopita kwa miaka mitatu, na hatimaye wakaacha wakiwa wamelipa ada yote.

Kinga ya kwanza ni mada, na mada ianze kuandikwa katika muhula wa kwanza, wakati bado unasoma kozi. Mada nyingi zinazorudishwa zina kosa moja: ni pana mno. "Mchango wa uongozi katika maendeleo ya elimu Tanzania" haiwezi kuandikwa na mtu mmoja mwenye kazi. Tuseme umeona kwamba shule za kata za tarafa yenu hupata ruzuku ya uendeshaji ileile kwa kila mwanafunzi, lakini katika baadhi yake wanafunzi wanashirikiana kitabu cha hisabati wanne wanne na kwingine wawili wawili. Hapo una swali. Namna wakuu wa shule wanavyopanga matumizi ya ruzuku, nani wanamshirikisha, na namna hilo linavyohusiana na vitabu vilivyopo, katika shule sita za wilaya moja: mada hiyo ina mipaka, ina nyaraka za kusoma, ina watu wa kuhoji unaowajua, na inakufundisha kazi unayoitafuta. Ningependa kila mwalimu anayesomea ukuu wa shule aandike juu ya jambo ambalo mkuu wa shule ana uwezo wa kulibadilisha. Utafiti juu ya mishahara ya walimu ni muhimu kwa nchi, lakini hautakusaidia siku ya kwanza ofisini.

Usiifanye shule yako iwe eneo pekee la utafiti. Walimu wenzako watakujibu kwa kukupendeza, na mkuu wako atasita kusema ukweli mbele ya mtu aliye chini yake. Ichukue shule yako kama mahali pa kujaribia dodoso, uone maswali yapi hayaeleweki, kisha ukakusanye data kwingine.

Vibali navyo vina mpangilio wake. Chuo hukupa barua ya kukutambulisha kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ofisi hiyo hukuandikia barua kwenda wilayani na kwenye halmashauri, na halmashauri hukuandikia kwenda kwa wakuu wa shule. Kila hatua inaweza kuchukua siku moja au wiki tatu, kutegemea nani yuko likizo. Peleka barua wewe mwenyewe, na uepuke kufika shuleni Oktoba na Novemba wakati wa mitihani ya taifa. Mwalimu aliyepewa ruhusa ya siku tano afanye hesabu hiyo kabla ya kuzitumia.

Kuhusu msimamizi, usisubiri akutafute. Mpelekee sura moja kamili kuliko vipande, andika katika barua pepe mambo gani uliyorekebisha tangu maoni yake ya mwisho na katika ukurasa upi, na upendekeze tarehe ya kukumbushana. Zikipita wiki nne bila jibu, mkumbushe kwa adabu, na ukimya ukiendelea, peleka suala hilo kwa maandishi kwa mratibu wa masomo ya uzamili au kwa kituo chako cha mkoa. Vyuo vina utaratibu wa kubadilisha msimamizi, ila wanafunzi wengi huogopa kuutumia mpaka muda wao wa usajili unapokwisha.

Neno kuhusu maduka ya vifaa vya ofisi yanayoandika tasnifu kwa malipo, na kuhusu programu za akili unde zinazoandika sura nzima kwa dakika tano. Vyuo hupitisha kazi kwenye programu za kutambua maandishi yaliyonakiliwa, na mtu anayekutana na watahini akiwa hawezi kueleza kwa nini alichagua shule sita na si nane hujulikana ndani ya swali la pili. Zaidi ya hayo, mtu huyu anaomba kukabidhiwa akaunti ya shule na mitihani ya watoto wa watu. Sioni namna ya kumtetea.

Wakati unasoma, kazini

Jalada lako linajengwa katika miaka hiyo hiyo. Omba majukumu yasiyopendwa. Ratiba ya shule ni mojawapo: kuipanga kwa walimu 14 na mikondo minane, wakati mwalimu wa fizikia ni mmoja tu na anafundisha pia shule jirani, kunakufundisha usimamizi wa rasilimali watu kuliko sura nyingi za kitabu. Omba kuwa mratibu wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ili uzoee kuwaongoza watu wazima ambao hawakuwa na haja ya kukusikiliza. Mwombe mkuu wako akuruhusu kuhudhuria kikao cha bodi kama mwandishi wa kumbukumbu, na ukishaandika, mpelekee kazi iliyo safi kesho yake asubuhi. Ukipewa kukaimu hata wiki mbili mkuu akiwa masomoni au mgonjwa, hakikisha ukaimu huo una barua, na barua hiyo iingie kwenye jalada.

Fanya kazi za kozi zako juu ya nyaraka halisi za shule, kwa ruhusa. Ukiagizwa kuandaa mpango mkakati wa taasisi, andaa wa shule yako. Mwisho wa masomo utakuwa na mpango wa shule wa miaka mitatu, rasimu ya bajeti, na uchambuzi wa matokeo ya kidato cha nne kwa somo na kwa mkondo, mambo ambayo wengi wa waombaji wenzako hawana.

Baada ya kumaliza

Cheti na hati ya matokeo vipelekwe kwa mwajiri kwa barua, kupitia njia ileile ya mwanzo, ukirejea barua ya ruhusa uliyopewa, na uombe taarifa zako za elimu zihuishwe katika mifumo ya kiutumishi. Aliyesoma nje ya nchi aambatishe uthibitisho wa TCU. Hifadhi nakala zilizothibitishwa na wakili, kwa kuwa halmashauri hugawanywa, ofisi huhama, na majalada hupotea njiani.

Usitarajie mshahara kubadilika mwezi unaofuata. Muundo wa utumishi wa walimu una taratibu zake za kupandishwa daraja, nazo hutazama muda, utendaji na bajeti iliyotengwa. Uliza ofisi ya utumishi ya halmashauri na Tume ya Utumishi wa Walimu ya wilaya yako shahada yako itahesabiwaje, na uombe jibu liwe la maandishi.

Kwa upande wa uteuzi, mjulishe Afisa Elimu kwamba uko tayari kupangiwa majukumu popote. Neno hilo "popote" lina uzito, kwa sababu nafasi za kwanza mara nyingi huwa katika shule mpya, zenye madarasa manne, bila nyumba ya mkuu wa shule, na kilomita nyingi kutoka barabara ya lami. Zungumza na mwenzi wako kabla hujalitamka. Kwa shule binafsi, jiandae kwa usaili ambamo watu watatu au wanne wa bodi, pengine mmoja akiwa padri au mfanyabiashara, watakuuliza maswali mafupi: utafanya nini mzazi akikataa kulipa deni, utamfukuzaje mwalimu anayefundisha vizuri lakini anafika saa nne, matokeo ya hesabu yatapandaje kwa walimu hawa hawa. Peleka ule mpango wa shule na uchambuzi wa matokeo ulioandaa ukiwa masomoni, majina ya watu yakiwa yameondolewa, uviweke mezani na ujibu ukivionyesha kwa kidole.